Vazi na Bei Yake

Nguo ni jirani wa kwanza wa mwili. Kabla mtu hajatamka neno, nguo yake imekwisha sema. Na akisha kunyamaza, nguo yake huendelea kusema. Ndiyo maana wenye hekima wa mataifa mengi wameyatia mavazi katika mazungumzo ya adili, wala hawakuyaacha mikononi mwa washonaji na wachuuzi peke yao. Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, tena ni la watu wa mbali. Mtu atakaye kuvaa kilti, vazi la Waskoti, achague ile ya rahisi iliyoshonwa kwa mashine ili ivaliwe siku yoyote bila ya uangalifu, au ile ya thamani kubwa iliyoshonwa kwa mkono kwa kufuata jadi? Nina sababu ya kuliuliza. Swali hili lilinikabili mimi mwenyewe katika nchi yenyewe, nikalijibu vibaya, na kosa lile lilinifundisha jambo ambalo vitabu vyangu vya falsafa havikuwa vimenifundisha.

Yafaa kwanza tulijue vazi lenyewe. Kilti ni vazi la kiunoni la mwanamume, lifikalo magotini, bapa upande wa mbele na lenye marinda upande wa nyuma. Kitambaa chake hufumwa kwa nakshi ya miraba na mistari iitwayo tartani, ambamo rangi za mtande na rangi za mshindio hukatana kwa kipimo kimoja, zikazaa rangi ya tatu pale zinapokutana. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuwaona wazee wakiketi barazani na vikoi vyao, hapati shida kufahamu kwamba mwanamume aweza kujifunga nguo kiunoni asipungukiwe na kitu. Walakini kikoi hufungwa, na kilti hushonwa. Na katika kushonwa huko ndimo ilimo tofauti yote tunayoizungumza.

Kilti ya jadi hushonwa kwa sufu nzito, ambayo yadi moja yake ina uzito wa wakia 13 hadi 16. Huhitajiwa yadi 8 za kitambaa. Kwa kuwa sufu hii aghalabu hufumwa kwa upana maradufu, fundi huchukua yadi 4, akazipasua katikati kwa urefu, kisha akaviunganisha vipande viwili kwa namna ambayo kiungo hujificha ndani ya rinda. Hapo ndipo huanza hesabu. Kila rinda sharti likunjwe mahali pake barabara, ili nakshi iliyovunjwa na mkunjo izaliwe tena nyuma ya mvaaji, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa. Au, kama ilivyo desturi ya baadhi ya vikosi vya askari, ili mstari mmoja ujitokeze katikati ya kila rinda. Marinda hushonwa kwa sindano ya mkono kutoka kiunoni mpaka kwenye nyonga, yakipunguzwa kidogo kidogo kwa kufuata umbo la mtu mmoja aliyepimwa. Ndani hutiwa kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, na nje hutiwa kanda za ngozi na bizimu zake. Ukingo wa chini haupindwi, bali huachwa kama ulivyotoka kwa mfumaji. Kazi hii humchukua fundi stadi saa 20 na zaidi, na bei yake leo aghalabu hupita pauni 500 za Kiingereza.

Kilti ya rahisi ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa nyuzi za kiwandani, akriliki au poliesta. Kitambaa chake ni chepesi, tena ni kichache, pengine yadi 5 na pengine chini ya hapo. Marinda yake hushonwa kwa mashine bila ya kujali mistari inaangukia wapi. Hufungwa kwa utepe wa kunata au kwa kanda za ngozi ya bandia. Hakuna anayepimwa. Kuna ndogo, ya kati, na kubwa, na mnunuzi hutafuta ile isiyomkataa sana. Huuzwa kwa makumi machache ya pauni. Katika mji wa kale wa Edinburgh iko barabara iitwayo Royal Mile, ishukayo toka ngomeni mpaka kasri ya Holyrood, na humo kilti hizi hutundikwa milangoni mwa maduka zikipepea, na kila mpita njia akazipapasa. Fundi wa kilti ya jadi hana haja ya kutundika kitu mlangoni. Mteja humtafuta, akapimwa, akaambiwa arudi baada ya majuma kadhaa. Chema chajiuza, wamesema wahenga, kibaya chajitembeza. Mimi methali hii niliikumbuka baada ya kununua.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika mji huo. Mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa kaskazini ya nchi, alikuwa akioa, naye akanialika arusini kijijini kwao. Aliniambia waziwazi kwamba nivae nipendavyo, na kwamba suruali haina lawama. Lakini mimi nilitaka kuvaa kilti. Niliuliza bei ya kukodi kilti ya jadi kwa siku moja pamoja na koti lake, nikaona kwamba kukodi ni ghali kuliko kununua ile ya mlangoni. Basi nikaenda Royal Mile. Muuzaji aliniuliza jina la ukoo wangu, akapekua daftari lake asilione, akaniambia kwa uso mkunjufu kwamba asiye na ukoo huvaa Royal Stewart, tartani ya kifalme, kwa kuwa mfalme ni baba wa wote. Aliniambia pia kwamba kilti ile ni sufu tupu. Nilitoa pauni 35, nikatoka nimefurahi kama mtu aliyeokota.

Siku ya arusi mvua ya manyunyu ilinyesha tangu asubuhi. Mvua hiyo kwa sufu nzito si kitu. Lakini kitambaa changu kililowa, kikanata mapajani, na marinda yakalala kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Jioni tulipocheza ngoma zao, ambazo ni za kuzunguka na kurukaruka, utepe wa kunata uliachia. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi. Babu yake bwana arusi, mzee aliyepita miaka 80, alinivuta pembeni, akatoa pini mkobani mwake, akaniinamia kwa taabu, akanifungia vazi langu. Kisha akaniuliza:

“Kijana, nani aliyekushonea?”

“Nimeinunua dukani, mzee.”

“Hilo nimeliona. Nauliza nani aliyeishona.”

Hakuniuliza kwa dhihaka. Nilikuja kuelewa kwamba lilikuwa swali la adabu, la kuanzishia mazungumzo, kama sisi tunavyoulizana habari za watu wa nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kilti ya marehemu baba yake. Alinitajia jina la mwanamke aliyeishona, akanieleza kwamba alikuwa akishonea karibu na dirisha kwa sababu hakuamini mwanga wa taa. Akanionyesha mahali ambapo bizimu zilisogezwa mara mbili, mara moja kwa unene wa baba yake na mara moja kwa wembamba wake yeye. Akanionyesha mahali palipotobolewa na nondo, pakatiwa uzi kwa ustadi hata nisingepaona kama asingeniwekea kidole. Mimi sikuwa na jina la kumtajia. Usiku ule, nilipoivua kilti yangu, niliisoma lebo iliyoshonwa ndani. Ilitaja akriliki kwa mia, ikataja nchi ilikotoka. Mtu haikumtaja.

Kwa siku nyingi nilijitafutia faraja, na akili ya mtu aliyeaibika ni hodari sana wa kutafuta faraja. Nilipata mbili, na zote mbili zastahili kupimwa, maana si mimi peke yangu ninayezitumia.

Faraja ya kwanza ni ya hesabu, nayo hugeuka ikawa lawama. Nilijiambia kwamba kosa langu lilikuwa kosa la hesabu tu. Kilti ya pauni 600 ikivaliwa miaka 40, gharama yake ni pauni 15 kwa mwaka; ya pauni 35 ikiharibika katika arusi ya kwanza, basi arusi moja imegharimu pauni 35. Rahisi huvunja upishi. Hesabu hii ni sahihi, wala sina haja ya kuibisha. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, humsahau maskini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: yule awezaye kuweka mezani pauni 600 kwa siku moja humwambia asiyeweza kwamba angalifanya akiba kama angalinunua kilicho ghali, kana kwamba umaskini ni upungufu wa hesabu na si upungufu wa fedha. Pili, hesabu hii huifanya heshima kuwa tawi la biashara. Mzee yule hakuipenda kilti ya baba yake kwa sababu ilikuwa imemwokolea fedha. Laiti ingalikuwa imemgharimu maradufu, angaliipenda vivyo hivyo.

Faraja ya pili ni ya kisomi, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi kwetu sisi wasomi. Nilijiambia: hiyo jadi mnayoitukuza ni jadi gani? Nikaenda maktabani, nikapata nilichokitaka. Vazi la kale la watu wa Nyanda za Juu za Uskoti, tangu mwisho wa karne ya 16, lilikuwa shuka moja kubwa ya sufu, iliyokunjwa na kufungwa kwa mshipi, ambayo mchana ilikuwa nguo na usiku ilikuwa blanketi. Lilikuwa vazi la mchungaji na mkulima, wala si la tafrija. Kilti ndogo tuijuayo leo, iliyotengwa na shuka ile, ilienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Na barua iliyochapishwa mwaka 1785 ilidai kwamba mwenye kuibuni alikuwa Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuri la chuma huko Glengarry na kutaka vazi litakalowafaa wafanyakazi wake. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya dai hilo. Kuhusu tartani, Martin Martin aliandika mwaka 1703 kwamba nakshi zilitofautiana kisiwa kwa kisiwa. Alitaja mahali, si koo. Nyingi katika nakshi zinazoitwa za koo zilipewa majina yake baadaye, na kampuni ya wafumaji Wilson ya Bannockburn ilikuwa na sehemu kubwa katika biashara hiyo. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wajukuu wa mwana wa mfalme walichapisha kitabu cha tartani za koo, wakadai kimetoka katika maandiko ya kale. Maandiko hayo hayakuwa ya kweli. Yote haya Hugh Trevor-Roper aliyakusanya katika mlango wake wa kitabu kilichotolewa mwaka 1983 na Eric Hobsbawm pamoja na Terence Ranger, yule yule Ranger aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na ambaye katika kitabu hicho hicho alionyesha jinsi watawala walivyobuni jadi nyingine kwa ajili ya Afrika.

Nilipoyasoma haya nilifurahi. Kama jadi yenyewe ni ya kubuni, nilisema, basi kilti ya akriliki ni jadi changa tu, na mzee yule na mimi tumesimama mahali pamoja. Lakini furaha hiyo haikudumu, kwa sababu haikuwa jibu la swali nililoulizwa. Mzee hakuniuliza vazi lile lina umri gani. Aliniuliza limeshonwa na nani. Jadi yaweza kuwa changa na mikono iliyoishona ikawa ya kweli. Tena yaweza kuwa kongwe, na mikono ikasahauliwa.

Historia yenyewe, mtu akiisoma bila ya kutafuta udhuru, inafundisha jambo zito kuliko hilo. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, sheria iliyotungwa mwaka ule ule ilimkataza mwanamume na mvulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, isipokuwa askari wa mfalme. Aliyekutwa na kosa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Aliyerudia alipelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1782. Kisha, mwaka 1822, mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na Sir Walter Scott, mwandishi wa riwaya, ndiye aliyezipanga sherehe. Mfalme alivaa kilti ya tartani nyekundu juu ya soksi ndefu za rangi ya waridi, na wakubwa wa nchi wakashindana kwa sufu bora na fedha na manyoya ya ndege. Vazi lililomtia maskini gerezani likawa vazi la karamu ya tajiri. Na katika miaka hiyo hiyo wakulima wadogo wa Nyanda za Juu walikuwa wakiondolewa katika ardhi ya wazee wao ili mashamba yawe malisho ya kondoo; katika bonde la Strathnaver, jimbo la Sutherland, nyumba zilichomwa moto mwaka 1814 na tena mwaka 1819. Kondoo wenye sufu wakakaa mahali pa watu waliovaa sufu.

Basi asije mtu akatuambia kwamba kilti ya thamani ni adili, na kilti ya rahisi ni uovu. Hakuna akriliki katika mandhari ile ya mwaka 1822. Kila kitu kilikuwa bora, kimeshonwa kwa mkono na kwa vipimo. Hata hivyo, mwenye ardhi aliyecheza dansi amevaa vazi la watu aliowafukuza alikuwa amevaa uwongo mkubwa kuliko wangu. Mimi nilichukua heshima nisiyoilipia kwa pauni 35. Yeye aliichukua kwa fedha nyingi, walakini waliolipa hawakuwa yeye.

Hapa ndipo nilipoanza kuona swali langu lilipokuwa limepotoka. Nilikuwa nikiuliza: kilti ipi ni bora? Ilinipasa kuuliza: vazi hili linadai nini, na nani ameligharimia dai hilo? Maana kila vazi lina dai lake. Kilti ya sufu ya yadi 8, ikivaliwa arusini, husema: mimi nimeijali siku hii na watu hawa, nimesubiri, nimepimwa, mtu fulani ameinama juu yangu saa 20. Dai hilo ni kubwa, na ni la haki ikiwa ni kweli. Kilti yangu ilisema maneno hayo hayo kwa kuiga umbo, na hayakuwa kweli. Kosa langu halikuwa kununua kilicho rahisi. Kosa langu lilikuwa kununua kilicho rahisi ili kisemwe kuwa ghali. Na muuzaji aliyeniambia kwamba ni sufu tupu aliniuzia uwongo ambao mimi nilikwenda kwake nikiwa tayari kuununua.

Kwa kipimo hiki twaweza kuzitazama kilti za rahisi kwa uadilifu, wala tusizikusanye zote katika lawama moja. Ziko kilti za pamba nene zenye mifuko mikubwa, wanazozivaa watu, hasa Marekani, kwa kazi za mikono na kwa matembezi. Hizo hazijifanyi kitu. Hazidai ukoo, hazidai jadi, hazidai saa 20 za fundi. Zinadai wepesi na nafasi ya kupiga hatua, na zinavitoa. Mtu akiivaa hiyo bustanini mwake hakumwibia mtu heshima. Iko pia kilti nyepesi ya mtoto akuaye, na ya kijana apandaye milima, ambaye sufu ya pauni 600 ingemfanya aogope miiba. Kwa hao, rahisi ni akili. Na huenda wao ndio walio karibu zaidi na yule mchungaji wa karne ya 16, ambaye shuka yake ilikuwa nguo na blanketi na mwavuli, wala hakuitunza sandukuni kwa ajili ya karamu.

Lakini bado liko jambo la lebo isiyotaja mtu. Sehemu kubwa ya kilti za rahisi hutoka Pakistan, hasa katika mji wa Sialkot, ambao hutengeneza pia zumari za mfuko kwa wingi; ufundi huo una mizizi katika enzi ya vikosi vya Kiingereza na Kiskoti huko Bara Hindi. Wako Waskoti wanaoulaumu mji ule, nami siungi mkono lawama hiyo. Mshonaji wa Sialkot ni fundi kama yule mwanamke wa dirishani. Ana jina, ana macho yanayochoka, na huenda mkono wake ungaliweza kuyapanga marinda vizuri kama angalipewa muda na malipo ya kuyapanga. Hakunyimwa ustadi, alinyimwa saa. Pauni 35 nilizotoa zilikuwa zimlipe yeye, na mfumaji, na meli, na kodi ya duka katika barabara ya fahari, na faida ya muuzaji. Msomaji na akadirie mwenyewe ni kiasi gani kilichofika kwenye sindano. Urahisi wa bei haumaanishi kwamba gharama imetoweka. Mara nyingi humaanisha kwamba imehamishiwa kwa mtu ambaye hatumwoni, na kwamba jina lake limeondolewa ili tusimwulize.

Nao mafundi wa Uskoti wana hasara yao. Kazi ya kushona kilti kwa mkono imekwisha tiwa katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kutoweka Uingereza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waundaji wakiondoka, havielei tena. Ufundi hautunzwi vitabuni. Hukaa katika vidole vya mtu mmoja mpaka avipitishe katika vidole vya mwingine, na kijana hawezi kukaa miaka akijifunza kazi ambayo mlango wa jirani unaonyesha mfano wake kwa bei ya chakula cha jioni. Kwa hiyo mwenye uwezo ana wajibu ambao asiye na uwezo hana. Mtu awezaye kulipa pauni 600, akanunua ya pauni 35 kwa sababu “zote ni kilti”, hakuokoa fedha. Amekataa kuchukua sehemu yake katika kuulea ufundi ambao sifa zake anazitumia.

Hapa nitaulizwa: na mwanafunzi maskini afanye nini? Nina njia tatu za kumwonyesha, na zote zilikuwa mbele yangu siku ile. Angeweza kukodi. Wahenga wametuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na onyo lao ni la kweli kwa mtu ajivuniaye cha mwenziwe. Lakini kukodi kwa malipo ni haki, maana aliyekodi amelipa kwa siku yake moja, na kila mtu anajua. Angeweza kununua ya rahisi akaivaa kama ilivyo, akijibu aulizwapo: hii ni ya mchezo, sikuweza nyingine. Mtu asemaye hivyo havai uwongo, hata akivaa akriliki. Au angeweza kwenda na suruali yake safi, kama mwenyeji wake alivyomwambia. Njia hii ya tatu ndiyo niliyoidharau kuliko zote, kwa sababu haikunipa nafasi ya kuonekana. Nami sasa naamini kwamba hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Sikuwa nimekwenda kumheshimu bwana arusi. Nilikuwa nimekwenda kupigwa picha nikimheshimu.

Siku ya kupewa shahada yangu nilivaa kanzu chini ya joho la chuo. Ilikuwa na darizi ya mkono shingoni, na fundi aliyeishona namjua kwa jina, na kwa jina la baba yake, na najua alivyochelewa kuimaliza kwa sababu ya homa. Mzee alikuwa amefariki dunia mwaka uliotangulia. Kama angalikuwapo akaniuliza swali lake, ningalikuwa na jawabu.

Kilti ya pauni 35 sikuitupa. Niliivaa miaka miwili katika vilima vya Pentland, kusini ya Edinburgh, kila Jumamosi isiyo na theluji. Ilichanika, nikaitia viraka kwa mkono wangu mwenyewe, vibaya. Katika kazi hiyo haikunidanganya hata mara moja, nami sikuidanganya. Naamini ilikuwa kilti njema, iliyopelekwa kwanza mahali pasipo pake na mtu asiyejijua. Basi anayesimama leo mbele ya kilti hizo mbili asianze kwa kuuliza bei. Na ajiulize kwanza anakwenda wapi nayo, na ataisemesha nini, na akiulizwa na mzee mmoja katika mvua ni nani aliyeishona, kama atapata la kujibu.